Peke yako au kwa jina la chama: njia mbili za kutetea mazingira

Desemba 1989, Mahakama Kuu ya Kenya ilimfungia mlango Wangari Maathai. Alikwenda kuzuia jengo la ghorofa 60 lililopangwa kusimamishwa ndani ya Uhuru Park, bustani ambayo wakazi wa Nairobi wasio na hela ya kwenda mbali hujilaza kwenye nyasi zake Jumapili. Mahakama haikuamua kama bustani itaharibika au la. Iliamua kwamba yeye, kama mtu mmoja, hakuwa na haki ya kulalamika, kwa kuwa hakuonyesha jengo lile lingemuumiza vipi yeye kuliko Mkenya mwingine yeyote. Shauri likatupwa.

Jengo nalo halikujengwa. Mama yule aliandika barua kwa kila mwenye masikio, ndani na nje ya nchi, mpaka waliotarajiwa kutoa fedha wakarudi nyuma, na mwaka 1992 uzio ukang'olewa. Katikati ya vita hiyo shirika lake, Green Belt Movement, lilifukuzwa kwenye ofisi za serikali lilizokuwa likitumia, likahamia nyumbani kwake. Kwa hiyo mtu mmoja alishindwa mahakamani akashinda nje, na shirika lilipigwa likasalimika kwa sababu mtu mmoja alikuwa na sebule.

Kila mvua kubwa zikiisha na mitaa ikibaki na tope, vijana hunijia na swali lilelile: "Kaka, nianze mwenyewe au nitafute shirika?" Wengi hujibu swali hilo kwa methali. Umoja ni nguvu, watasema, au haba na haba hujaza kibaba. Zote ni za kweli, na hakuna hata moja inayokuambia Jumatatu asubuhi uelekee wapi. Hapa chini naziweka njia hizi mbili ubavu kwa ubavu kwa kesi ninazozijua, na mizani yangu sitaificha.

Tafuta karatasi kwanza

Kabla ya kuchagua njia, uliza uharibifu unaokukera una karatasi gani nyuma yake. Kuna uharibifu wenye karatasi: leseni, cheti cha tathmini ya athari kwa mazingira, hati ya kiwanja kilichokatwa ndani ya msitu. Kuna usio na karatasi: taka tunazotupa, kuni tunazokata, vyoo tunavyotapisha usiku mvua ikinyesha ili maji yachukue. Na kuna ule ambao karatasi imeukataza tangu zamani, ila unaendelea mchana kweupe.

Sijakitoa kipimo hiki kwenye kitabu. Nimekiokota njiani, baada ya kukosea mara kadhaa.

Pasipo na karatasi

Nyuma ya nyumba yetu unapita mtaro wa maji ya mvua. Miaka kadhaa iliyopita niliamua kuusafisha mwenyewe kila Jumamosi, na jembe, reki na viroba vitatu. Majirani walinisifu sana. Mwezi wa nne wa kazi hiyo, nikiwa nimesimama ndani ya mtaro, maji yakifika kwenye magoti, alikuja mtoto wa jirani na ndoo kichwani. "Shikamoo, baba." Nikaitikia marahaba. Akamwaga ndoo yake hatua mbili kutoka niliposimama, akarudi kwao akiimba.

Sikumkasirikia. Alitumwa, na hapakuwa na pengine pa kumwaga. Siku ile nilielewa kwamba kazi yangu ya Jumamosi ilikuwa imewapa majirani mtaro safi wa kutupia taka. Nilikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, akaitisha kikao, nyumba kumi na nne zikakubali kuchanga kila mwezi ili kijana wa mkokoteni apite mara mbili kwa wiki. Asiyechanga jina lake husomwa kikaoni. Hiyo ndiyo taasisi yetu: daftari la shule lenye kurasa 96 na kalamu iliyofungwa kwa uzi. Haina katiba wala akaunti ya benki, na imesafisha mtaro kuliko mgongo wangu ulivyoweza.

Lakini nisijidharau kupita kiasi. Kikao kile kingeitishwa mwaka mmoja kabla, nyumba nne zingekuja. Miezi minne ya kuniona nikiinama ndiyo iliyowaleta watu. Hata mama wa yule mtoto alichanga wa kwanza. Pasipo na karatasi, mtu mmoja ana kitu ambacho shirika halinunui kwa semina, nacho ni kuonekana na macho ya majirani.

Mfano mkubwa zaidi uko Shinyanga, na watu wa mazingira wangepaswa kuutaja mara nyingi kuliko wanavyofanya. Wasukuma wana ngitili: eneo la malisho linalofungwa mvua zikianza na kufunguliwa kiangazi kikikaza, ng'ombe wapate cha kutafuna. Kaya zilikuwa na zake, jamii nzima nayo ilikuwa na zake. Kisha ikaja miaka ya kufyeka misitu ili kuangamiza mbung'o na kulima pamba, ikaja operesheni ya vijiji ya miaka ya 1970 iliyowaondoa watu kwenye maeneo yao, na ngitili nyingi zikafa. Mwaka 1986, serikali ilipoanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kama HASHI, ngitili zilizokuwa kwenye kumbukumbu zilikuwa kama hekta 600 tu. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikadiriwa kuvuka hekta 300,000, katika vijiji 833.

Hapo nani alifanya kazi, mtu au taasisi? Ukimuuliza ofisa atakuambia mradi. Ukimuuliza mzee wa Kisukuma atakushangaa, kwa kuwa ngitili ilikuwepo kabla ya mradi na kabla ya serikali yenyewe. Ninavyoona mimi, taasisi ilifanya jambo moja la maana: ilimrudishia mtu ruhusa ya kufanya alichokuwa akikijua. Watu walifunga maeneo, wakaacha visiki vichipue vyenyewe. Sheria ndogo za vijiji ziliandikwa, ndiyo, lakini aliyeswaga ng'ombe ngitilini kabla ya wakati alikutana na sungusungu, walinzi wa jadi, na kikao cha dagashida, baraza la jadi la Wasukuma, muda mrefu kabla ya kuonana na hakimu.

Na ukitaka kulinganisha kwa haki, kuna jambo la kuuma. Ngitili ya kaya inamfaa mwenye ardhi. Asiye na ardhi na asiye na mifugo anategemea ile ya kijiji kwa kuni, dawa na nyasi za kuezekea. Ukiacha kila mtu atunze chake, mazingira yanaweza kupona huku jirani akiendelea kukosa kuni. Hilo mtu mmoja halitatui kwa bidii yake hata awe malaika; linahitaji kikao.

Kuhusu nishati ya kupikia nitapita haraka. Umehama mkaa ukanunua mtungi wa gesi: vizuri, mapafu yako na ya watoto yatakushukuru. Lakini usibebe hatia ya dunia mgongoni. Mtanzania wa kawaida hutoa chini ya nusu tani ya kaboni dioksidi kwa mwaka kutokana na mafuta, gesi na makaa ya mawe, wakati wastani wa dunia unazidi tani 4. Shule moja ya bweni inayopikia ugali na maharage wanafunzi mia nane kwa kuni inameza magogo ambayo mtaa wako mzima hauyafikii. Ndiyo maana naona agizo la serikali la kuzitaka taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziache kuni na mkaa lina uzito kuliko mabango yanayotuhimiza mimi na wewe. Kama una jioni moja tu ya kutoa, itumie kwenye kikao cha bodi ya shule anakosoma mwanao.

Penye karatasi

Huku mambo hubadilika. Karatasi huzuiwa na karatasi, na hapo ndipo mtu mmoja huchoka mapema.

Tazama Lamu. Kampuni ilitaka kujenga mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa megawati 1,050, bara, si mbali na mji wa kale ambao UNESCO iliuweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001. Mamlaka ya mazingira ya Kenya, NEMA, ikatoa leseni Septemba 2016. Sheria ya Kenya huwapa wanaopinga siku 60 za kwenda Baraza la Rufaa la Mazingira. Jiweke kwenye nafasi ya mvuvi. Siku 60 hizo zina kusi, zina harusi, zina mtoto mgonjwa, na ripoti unayopaswa kuipinga ina mamia ya kurasa za Kiingereza cha kihandisi. Save Lamu, muungano wa vikundi vya wenyeji, ulikata rufaa mwaka huohuo ukisaidiwa na mawakili na wataalamu. Tarehe 26 Juni 2019 baraza lilifuta leseni, na sababu kubwa ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo.

Angalia vizuri sababu hiyo. Hakuna ripoti ya kitaalamu inayoweza kuthibitisha peke yake kwamba watu hawakuulizwa. Hilo huthibitishwa na watu wenyewe, mmoja mmoja: mvuvi anayesema hakuitwa, mama anayesema alikwenda mkutanoni akaelezwa uzuri wa umeme lakini si majivu. Shirika lilibeba faili, lakini uzito wa faili ulitoka vinywani mwa watu.

Serengeti ni kesi ya aina nyingine. Serikali ya Tanzania ilipotangaza barabara ya kupita kaskazini mwa hifadhi, njia ya nyumbu wanaohama, aliyekwenda Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha, mwishoni mwa 2010 alikuwa shirika la kutetea wanyama lenye makao Nairobi, African Network for Animal Welfare. Juni 2014 mahakama ilizuia mpango wa barabara ya lami kama ulivyokuwa umependekezwa. Kuna Watanzania waliokereka kuona Mkenya akiwashtaki juu ya hifadhi yao, na sioni ajabu kukereka huko. Anayekaa Nairobi haamki na tembo kwenye shamba lake la mahindi. Taasisi inaweza kufika pale ambapo wewe hufiki, lakini pia inaweza kusema kwa niaba yako bila kukuuliza. Ukiikabidhi kero yako, dai ukae kwenye kikao.

Na usidhani shirika halichelewi. Novemba 2020 asasi nne za Uganda, Kenya na Tanzania zilifungua shauri kwenye mahakama hiyohiyo kupinga bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki unatoa miezi miwili ya kulalamika. Novemba 2023 mahakama ilitupa shauri kwa kuchelewa, ikiona saa ilianza kuhesabu mwaka 2017, serikali mbili zilipotia sahihi makubaliano ya bomba. Hoja za mazingira zenyewe hazikusikilizwa. Asasi nne, mawakili wazoefu, na kalenda ikawashinda.

Kwa upande wa sheria, nchi unayoishi inabadilisha hesabu. Kenya ilijifunza kutokana na aibu ya 1989: Katiba ya 2010, ibara ya 70, inamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani kutetea mazingira bila kuonyesha kwamba yeye au mwingine ameumia. Ukiwa Kisumu au Kilifi, basi, jina lako peke yake linatosha kufungua mlango, ingawa halitoshi kumlipa mtaalamu wa maji. Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inampa kila anayeishi nchini haki ya mazingira safi na salama. Lakini marekebisho ya sheria ya mwaka 2020 yalimtaka anayefungua shauri la haki za kikatiba aape jinsi jambo hilo lilivyomgusa yeye binafsi. Hapo mizani iligeuka kwa namna ambayo wengi hawakuitegemea: shirika la mjini lilipata shida kusimama, na mwenye kisima kilichochafuka ndiye aliyehitajika. Ukiwa Mtanzania, usisubiri shirika lije na mlalamikaji. Mlalamikaji ni wewe. Shirika litafutie wakili.

Mtu anapogeuka kuwa taasisi

Phyllis Omido aliajiriwa kwenye kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kando ya Owino Uhuru, mtaa wa watu wa kipato cha chini Mombasa. Mwanawe mchanga akaugua, na vipimo vikaonyesha madini ya risasi kwenye damu. Alianza kwa miguu yake, nyumba kwa nyumba na ofisi kwa ofisi. Mwaka 2012 alikamatwa kwa kuandamana. Kiwanda kilifungwa 2014.

Wengi humalizia hadithi hapo, kwenye ushindi wa mwanamke mmoja. Mimi naona nusu ngumu zaidi ndiyo iliyofuata. Kiwanda kilifungwa, lakini risasi ilibaki udongoni na kwenye miili ya watoto, na fidia haipatikani kwa maandamano. Kupitia shirika alilolianzisha, Center for Justice, Governance and Environmental Action, wakazi walifungua shauri. Julai 2020 mahakama ya mazingira na ardhi iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa ikatengua. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha hukumu ya awali. Hesabu mwenyewe kutoka 2012. Hasira ya mtu huwa na pumzi ya miaka miwili, mitatu ukiwa na kichwa kigumu. Kitu pekee kinachokaa miaka kumi na mbili ofisini bila kuchoka ni faili lenye mtu anayelipwa kulifungua kila asubuhi.

James Wakibia, mpiga picha wa Nakuru, alifuata njia fupi zaidi. Alikuwa akipiga picha taka zilizozagaa mjini na kwenye dampo la Gioto, na mwaka 2015 kampeni yake ya mtandaoni ya kupiga marufuku majuala ya plastiki ikamfikia Waziri wa Mazingira, Judi Wakhungu. Kenya ilikuwa imejaribu kuzuia mifuko hiyo mwaka 2007 na 2011 ikashindwa. Safari hii tangazo lilitoka Februari 2017 na kuanza kazi tarehe 28 Agosti, faini ikiwa kati ya shilingi milioni 2 na milioni 4, au kifungo cha mwaka mmoja hadi minne. Wenye viwanda walikwenda mahakamani. Hapo picha za Wakibia hazikuwa na kazi tena. Ikawa zamu ya wanasheria.

Kampeni ya mtu mmoja inafaa sana pale ambapo jibu ni moja, linasemeka kwa maneno matano, na kuna mtu mmoja mwenye kalamu ya kulitia sahihi. "Pigeni marufuku mifuko ya plastiki" linasemeka. "Rekebisheni usimamizi wa bonde la mto" halisemeki, hata ukilipia tangazo.

Huku kwetu Tanzania Bara mifuko ya rambo ilikatazwa tarehe 1 Juni 2019, na kwa kweli ilipotea kwa kasi iliyonishangaza. Ila nenda sokoni leo ununue nyanya za buku: utazibeba kwenye vifungashio vyepesi vilivyoruhusiwa kwa kazi nyingine, na muuzaji atakutazama kama umetoka mwezini ukikataa. Katazo lipo. Aliyekuwa akililia katazo alikwishanyamaza siku lilipotoka.

Karatasi inapokataza na bahari inalipuka

Uvuvi wa baruti umekatazwa Tanzania tangu 1970. Kwa miongo mingi watu wa Tanga, Dar es Salaam, Kilwa na Mtwara waliendelea kuusikia mlio wake. Mwishoni mwa miaka ya 1990, jeshi la majini lilipotia mkono, milipuko ilipungua. Operesheni ilipolegea, ikarudi. Ikapungua tena sana baada ya 2016, vyombo vya dola vilipoanza kufanya kazi kwa pamoja.

Hapa sina ushauri wa kishujaa. Mvuvi anayemjua mpiga baruti anajua pia kwamba mpiga baruti anamjua yeye, anaijua ngalawa yake inapolala na saa anayotoka. Kama uharibifu tayari umekatazwa na sheria na bado unaendelea, maana yake kuna anayefaidika na kuna anayefumba macho. Usiende mbele yao ukiwa peke yako. Pitia kikundi cha ulinzi wa rasilimali za pwani, BMU, taarifa iandikwe kama ya kikundi, nakala iende wilayani, nyingine juu ya wilaya. Hata hivyo uliza kwanza nani ni ndugu wa nani kwenye kikundi hicho. Kijiji cha pwani ni kidogo.

Nani anaumia

Joannah Stutchbury, aliyekuwa akipinga uvamizi wa Msitu wa Kiambu, aliuawa kwa risasi karibu na nyumba yake Julai 2021. Ukisoma hilo utasema, ona, alikuwa peke yake. Lakini Wayne Lotter aliyepigwa risasi Dar es Salaam Agosti 2017 alikuwa mwanzilishi mwenza wa PAMS Foundation, shirika lililokuwa likisaidia kupambana na majangili wa pembe za ndovu. Nembo mlangoni haikumkinga. Tofauti ninayoiona ni ya baada: shirika linaweza kuendeleza kesi, kutunza nyaraka, kupaza sauti mwenzao akiwa rumande. Mtu wa peke yake akiondoka, mara nyingi simu yake na daftari lake huondoka naye. Kama umeamua kwenda peke yako, angalau nakala za kila kitu zilale kwenye nyumba mbili.

Kwa upande mwingine, shirika lina shingo moja, na shingo hiyo iko mkononi mwa msajili. Agosti 2021 Uganda ilisimamisha mashirika 54 kwa mpigo, likiwemo AFIEGO, mojawapo ya asasi zilizokuwa zikipinga lile bomba la mafuta. Mwananchi hafutiwi usajili.

Fedha, na miche

Shirika linaishi kwa ruzuku, na ruzuku ina tarehe ya mwisho. Nimeona mradi wa mikoko ukifungwa Juni kwa sababu mwaka wa fedha wa mfadhili umeisha, ilhali miche ilikuwa na urefu wa kiganja. Nimeona pia mtu mmoja mwenye moyo akipanda mkoko mahali pa mchu, mti wa pwani wa jamii nyingine, kwenye matope yasiyoufaa, na yote ikafa. Wa kwanza alikosa muda, wa pili alikosa mtu wa kumuuliza.

Tarehe 13 Novemba 2023 Kenya ilipumzisha nchi nzima ipande miti, lengo likiwa miche milioni 100 kwa siku ile, katika mpango wa miti bilioni 15 kufikia 2032. Taasisi hujua kuitisha siku. Kumwagilia Februari ni kazi ya mtu. Green Belt Movement ililielewa hilo tangu mwanzo: wanawake walilipwa senti chache kwa kila mche uliopona, si kwa kila mche uliochimbiwa. Ni kishika mkono tu, lakini kiliwafanya watu waitazame miche kama kuku wa nyumbani.

Gazi, pwani ya Kwale, vijiji viwili vinatunza hekta 117 za mikoko kupitia Mikoko Pamoja, na tangu 2013 vinauza hewa ya ukaa, yaani hulipwa kwa kaboni ambayo miti yao inaihifadhi. Mapato yamekwenda kwenye maji na shule. Mtu mmoja hawezi kuuza hewa ya ukaa ya miti yake kumi pwani, hata ikiwa imenona vipi. Kwa kazi ya namna hii usipoteze muda kujiuliza: tafuta kikundi, au anzisha.

Ukiniuliza tena Jumatatu

Kero yako ikiwa ni tabia ya mtaa, anza mwenyewe wiki hii, waone, kisha nenda kwa mwenyekiti kabla hujachoka. Mimi nilikwenda mwezi wa nne, ningepaswa kwenda wa pili. Ikiwa ni jambo lililokatazwa na watu wenye nguvu wanalifanya, usiwe jina la kwanza kwenye barua. Ikiwa ni mradi wenye leseni, tafuta shirika leo, si baada ya tingatinga kufika, na usiende mikono mitupu.

Cha kwenda nacho kinapatikana ofisi ya mtendaji wa kijiji au kata. Omba kusoma muhtasari wa mkutano ambao wananchi wanasemekana waliridhia mradi. Watakuambia mhusika ametoka. Kaa kwenye benchi. Ukipewa faili, usihangaike na hotuba za mwanzo; fungua mwisho, kwenye orodha ya mahudhurio, usome majina na sahihi moja moja. Utakuta aliyekuwa safarini siku ile. Utakuta aliyekwishazikwa. Mimi nilikuta jina langu, kwenye ukurasa niliousaini nikidhani ni wa posho ya nauli.